Lisemwalo Lipo? Uhakiki wa Kijitabu cha Harare

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mjini Jinja, nilitoa somo la methali kwa kidato cha tatu. Niliandika ubaoni: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikawaomba wanafunzi watoe mifano. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama. "Mwalimu, ni kama Ukimwi. Watu wanasema tangu zamani kwamba Wamarekani waliutengeneza katika maabara ili watumalize Waafrika. Lisemwalo lipo." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Wachache walicheka, lakini hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga. Nilimshukuru, nikamwambia akae, nikapita kwenye methali iliyofuata.

Nilinyamaza kwa sababu hadithi ile niliijua tangu utotoni. Mjomba wangu, fundi cherehani wa Namatala, Mbale, aliisimulia nyumbani kwetu karibu kwa maneno yale yale. Yeye aliipata Jinja mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa kibarua katika kiwanda cha nguo na kupanga chumba Walukuba, mahali ambapo watu wa makabila mengi walizungumza Kiswahili ili waelewane. Aliporudi Mbale alirudi nayo. Sasa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, niliikuta Jinja ikiwa hai, kinywani mwa kijana ambaye wakati hadithi inazaliwa hata wazazi wake walikuwa bado watoto.

Makala haya ni jibu nililopaswa kutoa siku ile. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ngano. Hatujafundishwa kuhakiki uvumi, ingawa uvumi nao una mtunzi, msimulizi, msuko, wahusika na hadhira. Hoja yangu ni kwamba uvumi huu haukudumu kwa sababu ya werevu wa majasusi walioueneza. Ulidumu kwa sababu ulijibu uchungu wa kweli bila kumdai msikilizaji kitendo chochote.

Kwanza, hadithi yenyewe ilitoka wapi? Julai 1983, gazeti la Patriot la New Delhi, lililojulikana kwa kuiunga mkono Urusi ya Kisovieti, lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi. Ilidaiwa kuwa imeandikwa na mwanasayansi mashuhuri wa Marekani. Barua ilisema kwamba Ukimwi ulitokana na majaribio ya silaha za kibiolojia ya jeshi la Marekani huko Fort Detrick, na kwamba majaribio hayo yalikuwa karibu kuhamishiwa Pakistan, jirani na hasimu wa India. Barua ikalala kwa miaka miwili. Septemba 1985 shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB, liliwaandikia wenzao wa Bulgaria kuwajulisha kwamba lilikuwa likiendesha kampeni ya kuufanya ulimwengu uamini kuwa ugonjwa huo ulitoka katika majaribio ya siri ya Marekani. Kazi za aina hii wao wenyewe waliziita "hatua tendaji". Oktoba mwaka huohuo gazeti la Literaturnaya Gazeta la Moscow likaifufua hadithi, likilitaja lile gazeti la India kama chanzo chake. Hivyo Moscow ilinukuu New Delhi ilhali mbegu ilikuwa ya Moscow.

Ikaja awamu ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Jakob Segal, profesa mstaafu wa Berlin Mashariki, pamoja na mkewe Lilli, walitoa kijitabu ambacho kichwa chake chaweza kufasiriwa hivi: Ukimwi, uovu uliotengenezwa Marekani, haukutoka Afrika. Kijitabu hicho kiligawiwa Harare, Zimbabwe, mwanzoni mwa Septemba 1986, viongozi wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote walipokutana kwa mkutano wao wa nane. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu kiasi ambacho majasusi wa Ujerumani Mashariki walimsaidia Segal, na inaonekana yeye mwenyewe aliyaamini aliyoyaandika hadi alipofariki mwaka 1995. Kwa mhakiki, jambo hilo si dogo. Mtu anaweza kuusema uongo wa mwenzake kwa moyo safi, kama alivyofanya mjomba wangu.

Tuanze na msimulizi. Katika toleo la New Delhi msimulizi ni Mmarekani asiye na jina. Hii ni mbinu kongwe: ushahidi unaotoka nyumbani kwa mshitakiwa huonekana kama ungamo, si shutuma. Katika toleo la Harare msimulizi ni profesa mwenye cheo. Yule wa kwanza hatuwezi kumuuliza kwa kuwa hajulikani, na wa pili hatuthubutu kumuuliza kwa kuwa ni msomi. Hadithi ilipofika Walukuba haikuwa na msimulizi hata mmoja. Ilikuwa "watu wanasema". Katika fasihi simulizi tunasema kazi kama hiyo ni mali ya jamii. Mali ya jamii haina wa kushitakiwa ikileta madhara.

Msuko wake ni safi mno. Segal alidai kwamba wanasayansi waliunganisha virusi vya visna, vinavyowaugua kondoo, na virusi vingine vya binadamu viitwavyo HTLV-I, wakavijaribu kwa wafungwa waliokubali kudungwa ili wapunguziwe kifungo. Wafungwa hawakuonyesha dalili, wakaachiliwa, wakaenda New York, na gonjwa likaenea. Kila tukio linazaa jingine kama katika ngano nzuri: pana tamaa, siri, kosa na adhabu. Maradhi ya kweli hayana msuko wa namna hiyo. Yanaingia kimya, yanaua aliye mwema na aliye mwovu, na hayaelezi sababu. Ndiyo maana ngano humliwaza mtu kuliko maelezo ya daktari.

Lakini udhaifu mkubwa wa kijitabu, kwa maoni yangu, uko katika wahusika. Kinadai kuitetea Afrika, ila hakina Mwafrika anayetenda lolote. Mzungu mwovu anatengeneza, Mzungu mwema anafichua, na Mwafrika anakufa au anaondolewa lawama. Hali halisi ilikuwa tofauti. Oktoba 1985, mwezi uleule ambao gazeti la Moscow liliifufua hadithi, David Serwadda na wenzake, Waganda na Waingereza, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao kuhusu ugonjwa ambao watu wa Rakai waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Madaktari hao walikuwa wakichukua damu, wakihoji wagonjwa na kulinganisha dalili. Hao hawamo katika hadithi ya Segal, na hawangeweza kuwamo, kwa sababu hadithi hiyo inahitaji Afrika iliyolala.

Sasa hadhira. Hapa sikubaliani na wenzangu wanaodhani kwamba walioamini walikuwa wajinga. Hadhira ya Harare ilikuwa na sababu nzuri za kusikiliza. Miaka ile magazeti mengi ya Magharibi yaliandika kuhusu Ukimwi wa Afrika kwa lugha ya dharau, kana kwamba bara zima lilikuwa na hatia ya tabia. Aidha, uovu wa kitabibu ulikuwa umeshatendeka kweli. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwaangalia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, ili waone ugonjwa utawafikisha wapi. Hilo si uvumi. Serikali yenyewe ilikiri na kuomba radhi mwaka 1997.

Hata hapa Uganda tulikuwa na sababu za kuitilia shaka Marekani na za kuwaamini Wasovieti. Jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961 na kupendwa na wasomi wa Makerere, lilikuja kugundulika katika miaka hiyohiyo ya 1960 kwamba sehemu ya fedha zake ilipitia taasisi iliyofadhiliwa kwa siri na CIA, bila Neogy kujua. Kwa upande wa pili, msafiri anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Tororo, badala ya ile fupi ya Tirinyi, hupita Busitema, ambako chuo cha zana za kilimo kilianzishwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960. Leo ni chuo kikuu, na kitivo chake cha afya kiko Mbale. Watu waliona matrekta ya Wasovieti kwa macho yao, na ukoloni wa Waingereza waliuishi. Redio Moscow nayo ilitangaza kwa Kiswahili. Rafiki aliyekuletea trekta akikunong'oneza jambo kuhusu tajiri anayekudharau, utamsikiliza.

Kwa hiyo propaganda hii haikujengwa juu ya uongo mtupu. Ilijengwa juu ya kweli nyingi zilizozunguka uongo mmoja. Anayetaka kuuondoa uongo ule kwa kuzikana kweli zile atashindwa, na anastahili kushindwa.

Hebu turudi Harare, wiki ileile ya Septemba 1986. Yoweri Museveni, aliyekuwa ameshika madaraka Januari ya mwaka huo, alikuwa katika mkutano huo. Amesimulia mara nyingi kwamba Fidel Castro alimwita kando akamweleza jambo. Uganda ilikuwa imepeleka wanajeshi 60 kwenda mafunzoni Kuba, na walipopimwa, 18 walikutwa na virusi. Castro alimwonya kwamba alikuwa na tatizo kubwa nyumbani. Baada ya hapo, mwaka huohuo, Uganda iliunda mpango wa taifa wa kudhibiti Ukimwi.

Mazungumzo hayo tuyaweke kando ya kile kijitabu na kuvilinganisha kama matini mbili zilizotolewa kwa hadhira moja, mahali pamoja, wakati mmoja. Matini ya kwanza ina kurasa nyingi, istilahi za kisayansi na adui mwenye jina. Ya pili ina tarakimu mbili: 60 na 18. Ya kwanza inasema, "Si kosa lenu." Ya pili haisemi ni kosa la nani. Inasema, "Watu wako wanaugua, utafanya nini?" Na jambo linalonizuia nisiandike kwamba Mashariki ilikuwa ya uongo na Magharibi ya kweli ni hili: zote mbili zilitoka kambi moja. Kuba ilikuwa mshirika mkubwa wa Moscow. Kambi ileile iliyosambaza uvumi ndiyo iliyotupa taarifa iliyotuamsha.

Hapo ndipo ninapokipata kipimo ninachopendekeza kwa wahakiki wa uvumi. Kuuliza "nani kasema?" hakutoshi, kwa kuwa msemaji mmoja aweza kusema kweli asubuhi na uongo jioni. Tuulize pia: hadithi hii inamtaka msikilizaji afanye nini akishaiamini? Tarakimu za Castro zilidai upimaji, kampeni ya kulishia zizini iliyohimiza uaminifu katika ndoa, kondomu, na watu wenye ujasiri wa kujitangaza, kama alivyofanya mwanamuziki Philly Lutaaya mwaka 1989. TASO, shirika lililoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lilifungua vituo hadi Jinja na Mbale. Maambukizi yaliyokadiriwa kufikia karibu asilimia 18 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yameshuka hadi asilimia 6.4 katika uchunguzi wa 2004 na 2005. Kijitabu hakikudai lolote. Ukishakubali kwamba ugonjwa ulitengenezwa Marekani, limebaki jambo moja tu la kufanya, nalo ni kukasirika.

Je, kijitabu kilikuwa na ukweli wowote wa kisayansi? Hapana. Uhandisi wa jeni wa mwaka 1977 haukuwa na uwezo wa kutengeneza kirusi kama hiki. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa majirani zetu: damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, na kuchunguzwa miongo kadhaa baadaye, ilikutwa na virusi hivyo. Mwaka 1959 hakukuwa na maabara yoyote duniani ambayo ingeweza kufanya kazi inayodaiwa. Wanasayansi wanakadiria kwamba virusi vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun na kuingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20.

Lakini tazameni historia hiyo ya kweli inasema nini. Virusi vilienea kupitia Kinshasa ya Wabelgiji, mji uliokusanya vibarua wa kiume mbali na wake zao, kwa njia za reli na mito zilizojengwa kubeba mali kwenda Ulaya. Baadhi ya wataalamu wanataja pia sindano zilizotumiwa tena na tena katika kampeni za tiba za wakoloni. Yaani ukoloni umo ndani ya hadithi ya kweli, na umo kwa ushahidi. Uongo wa Moscow haukutuongezea hoja dhidi ya wakoloni. Ulituibia ile tuliyokuwa nayo, ukatupa badala yake ngano ya wafungwa wa New York.

Wasovieti wenyewe waliiacha hadithi hiyo. Mwaka 1987, baada ya Marekani kulalamika na ushirikiano wa utafiti kuwa hatarini, wanasayansi wakubwa wa Kisovieti waliikana hadharani. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara yake ya zamani ilihusika. Lakini kwa wakati huo uvumi ulikuwa umeshachapishwa katika nchi zaidi ya 80. Ungamo la Primakov halikufika Namatala. Mjomba wangu hakuwahi kulisikia jina hilo. Huko Marekani kwenyewe, utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba karibu nusu ya Wamarekani weusi waliohojiwa waliamini kuwa virusi hivyo vilitengenezwa na binadamu. Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya huyu ilianzia New Delhi ikapita Moscow, Berlin na Harare, ikafika hadi Mbale, na bado inaendelea.

Nilisema kwamba uvumi huu haukumdai msikilizaji kitendo. Nimalizie kwa kueleza maana yake kwa mtu mmoja. Mjomba alianza kukonda nilipokuwa shule ya msingi. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa zikitolewa bure Mbale, na mama alimsihi aende kupimwa. Kila mara alijibu, "Dada, nikapimwe ugonjwa wa Wamarekani, nipewe dawa na Wamarekani haohao?" Sote tulicheka, hata mama. Alipokubali, alibebwa. Alikaa wodini siku tisa.

Sisemi kwamba Moscow ilimwua mjomba wangu. Alikuwa na sababu nyingine za kukataa: aibu, hofu ya mkewe, na foleni ambayo ingemwonyesha mbele ya wateja wake. Wengi walioamini hadithi ileile walipimwa na wako hai. Ninachosema ni kwamba hadithi ilimpa jibu zuri la kusema alipokosa ujasiri wa kusema "naogopa". Hapo ndipo ilipofanya kazi yake, miaka mingi baada ya dola iliyoitunga kuanguka.

Mwalimu wa Kiswahili afanye nini basi? Kumcheka yule kijana wa dawati la nyuma kusingefaa, kwa sababu alikuwa na habari kuhusu dharau na dhuluma ambazo ni za kweli. Kumwambia kwamba kila lisemwalo na wakubwa ni propaganda kusingefaa pia, maana asiyeamini chochote ni rahisi kumdanganya. Tungeichukua hadithi yake tukaihakiki pale ubaoni kama tunavyohakiki ngano ya sungura na fisi: nani anasimulia, nani ananyamazishwa, nani hatendi lolote, na msikilizaji anatakiwa kufanya nini akitoka hapa. Majasusi walitumia lugha nyingi, na yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizobeba mzigo wao. Tuliobobea katika lugha hiyo tunao wajibu wa kuukagua mzigo.

Wiki ya mwisho ya mazoezi nilirudi kwenye methali ile. Nikawaambia wanafunzi kwamba wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini hawakusema lipo wapi. Pengine lipo katika tukio lenyewe, pengine katika uchungu wa msemaji, pengine katika mpango wa mtu wa mbali. Nikawasimulia habari za New Delhi, Moscow na Harare, kisha nikaandika ubaoni 60 na 18. Yule kijana akainua mkono. "Kwa hiyo mwalimu, sisi tulidanganywa?" Nikamjibu kwamba mimi nilidanganywa kabla yake, na aliyenidanganya alinipenda.

Akaniuliza mjomba huyo yuko wapi sasa. Safari hii nilijibu.